Umepewa kipande kipya cha muziki wa fidla? Anzia hapa

Umezoea Bach na Mozart, halafu mtunzi anakuletea karatasi zilizojaa michoro ya ajabu. Mimi hupiga muziki wa watunzi walio hai hapa Nairobi, na hivi ndivyo ninavyojiandaa.

Hatua ya 1: Acha fidla mfukoni. Soma kwanza ukurasa wa alama, ule unaoeleza kila mchoro una maana gani. Usijidai unazijua. Mshale uleule, kwa mtunzi huyu ni robo toni kamili, kwa yule ni kupandisha noti kidogo tu. Orodhesha maswali yako yote, kisha piga simu. Bach humpati; mtunzi wako yuko South B, papa hapa Nairobi.

Hatua ya 2: Tafuta uta wa pili, wa bei rahisi. Palipoandikwa col legno unagonga nyuzi kwa mti wa uta, si kwa nywele zake, na mti huchubuka. Uta wangu mzuri una makovu ya kunikumbusha.

Hatua ya 3: Fanyia kazi sauti kabla ya noti. Hapa ndipo kazi ilipo, nami huchukua wiki nzima. Kwa sul ponticello, sogeza uta hadi karibu kabisa na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, mpaka sauti ya msingi ififie na zile nyembamba za juu zichomoze. Wengi wakifika hapo hurudi nyuma, maana tangu utotoni wameambiwa mkwaruzo ni kosa. Nenda kamsikilize mpiga orutu, fidla ya Waluo: ana uzi mmoja tu, na mkwaruzo ni sehemu ya utamu.

Kisha harmoniki, yaani kuzitoa zile sauti nyembamba za juu peke yake. Gusa uzi wa G bila kuukandamiza: katikati utapata G ya oktava ya juu, kwenye theluthi D, kwenye robo G nyingine, oktava mbili juu ya uzi mtupu, yaani usioguswa. (Wanaoishi fleti kama mimi, kiziba sauti kinatuliza majirani, ila hatua hii ifanye bila hicho, kwa sababu kinameza sauti zilezile unazozitafuta.)

Hatua ya 4: Robo toni ni nusu ya nusu toni, yaani senti 50 (senti ni kipimo cha kimo cha sauti; nusu toni ina 100). Iimbe kwanza, ndipo uipime kwa programu ya simu.

Hatua ya 5: Tafuta nguzo. Sequenza VIII, kipande cha fidla pekee cha mtunzi Mwitaliano Luciano Berio, cha 1976, kinazunguka noti mbili, A na B. Ukishazisikia hupotei tena. Kipande chako nacho huenda kina noti au mdundo unaorudirudi. Uzungushie duara.

Hatua ya 6: Kutana na mtunzi mapema, si siku ya onyesho. Pasipopigika, usibishane naye. Mpigie asikie mwenyewe. Beba penseli na kifutio.