Kuona viumbe hai wa udongo na nyasi kwa hadubini

Chukua kijiko kimoja cha udongo wa juu, usizidi kina cha sentimita 5, na konzi ndogo ya nyasi kavu. Tia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina mililita 500 za maji ya mvua. Ya bomba yaache wazi saa 24 kwanza, maana klorini huua. Nyasi usizichemshe: viumbe wamelala humo ndani ya magamba magumu ya kujikinga. Funika bila kukaza, weka kivulini.

Bakteria hutangulia. Siku ya 3 hadi ya 5 tazama Colpoda, kiumbe wa seli moja mwenye umbo la figo. Paramecium, naye wa seli moja, mara nyingi huchelewa, na huenda asitokee kabisa.

Vuta tone kutoka kwenye utando wa juu, jingine chini kabisa wanakotambaa amiba. Weka tone kwenye slaidi, kibao chembamba cha kioo, kisha shusha kifuniko chake kwa mshazari, la sivyo viputo vya hewa, duara zenye ukingo mweusi, vitakudanganya. Anza na ukuzaji wa mara 40, kisha 100, halafu 400. Punguza mwanga, mwanga mkali hufuta viumbe hawa wangavu. Wakikimbia mno, nyuzi chache za pamba huwazuia.

Harufu ya mayai viza? Nyasi zilizidi, oksijeni imekwisha. Anza upya kwa nusu yake. Nawa mikono kwa sabuni.