Kuzuia AC ya nyumbani isitoe jasho kwenye unyevu wa pwani

Kila masika simu zinazonifikia hapa Dar zinafanana: "Fundi, AC inavuja, njoo na gesi." Nikifika, mara nyingi gesi ipo ya kutosha. Maji yale ni jasho tu: hewa yenye unyevu imegusa kitu cha baridi. Hewa ikiwa na nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80, chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi kitalowa, na bomba la AC ni la baridi kuliko hapo kwa mbali. Inaniuma kuona mtu analipia gesi asiyoihitaji huku dari yake inaendelea kuoza.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi. Washa AC kwa saa nzima, kisha panda ngazi na tochi. Maji yanayochuruzika kwenye kona moja ya mashine ya ndani yanaonyesha njia ya maji imeziba au mashine imefungwa ikiwa imeinama. Vitone vilivyotapakaa kwenye ganda au kwenye vibao vya kuelekeza upepo ni jasho. Doa la dari mbali na mashine ni bomba linalolowa huko juu. Ukiona barafu kwenye koili (mabomba ya baridi yaliyo nyuma ya filta), zima. Filta ikiwa safi na barafu ikarudi, hapo ndipo umwite fundi aje na geji apime gesi.

Hatua ya 2: Filta na trei. Zima umeme ukutani. Osha filta kila wiki mbili. Mimina lita moja ya maji polepole kwenye trei inayokinga maji chini ya koili na mtu aangalie nje: yasipotoka yote, paipu ya kutolea maji imeziba. Paipu hiyo iteremke angalau sentimita 1 kwa kila mita, na ncha yake isizame ndani ya ndoo.

Hatua ya 3: Mabomba ya shaba. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nyumba moja ya Mbezi, jipsamu ilikuwa imevimba na kuota ukungu mweusi upana wa sinia. Nilipofungua, mabomba yote mawili yalikuwa yamebanwa ndani ya sponji moja iliyopasuliwa, halafu yakazungushiwa tepu kwa nguvu mpaka sponji ikawa nyembamba kama karatasi. Niliiminya, ikatoa maji.

AC nyingi za nyumbani hupoza gesi kuanzia mashine ya nje, kwa hiyo bomba jembamba nalo ni la baridi. Kila bomba livae sponji yake nyeusi ya mpira. Mimi natumia yenye unene wa milimita 13 mahali pa wazi na 19 ndani ya dari, maana huko juu hewa ni ya moto na haitembei. Kila kiungo kipakwe gundi ya mpira, kikauke kidogo, kibanwe, ndipo tepu ifuate bila kukaza. Usisahau nati za maungio nyuma ya mashine. Zikiachwa uchi, ndizo zinazolowesha ukuta. Paipu ya maji ikipita darini nayo ivishwe.

Hatua ya 4: Tundu la ukutani. Jaza pati (udongo laini wa kuzibia) pande zote mbili za tundu ambamo mabomba yanapita. Tundu likiwa wazi, hewa ya nje inaingia nyuma ya mashine na kutoa jasho hapo hapo.

Hatua ya 5: Matumizi. Weka nyuzi 24 hadi 26, feni ya kati, vibao vikitazama mbele. Vikielekezwa chini kabisa kwa saa nyingi, vinatoa matone. Funga madirisha, na nguo mbichi zisianikwe chumba hicho. Kama bado hujanunua, usichukue AC kubwa kupita chumba: inapoza haraka, inajizima kabla haijakausha hewa, na unalala kwenye ubaridi wenye unyevu.

Dari ikishakauka, subiri siku ya mvua kubwa, washa tena, upitishe tishu kavu kwenye kila kiungo. Itakapolowa, rudia gundi hapo.