Kuendesha brekdauni: namna ya kuvuta gari bila kuongeza ajali juu ya ajali

Vijana wengi wananiuliza hii kazi ya brekdauni inaanzaje, maana wanaona gari limelala pale Kimara au Kibaha, brekdauni inakuja, inabeba, mtu analipwa, basi wanadhani ni kujua kuendesha lori tu. Kuendesha ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kwamba umekuta gari limeharibika, mwenyewe kachanganyikiwa, malori yanapita spidi pembeni yenu, na wewe unatakiwa uliondoe hapo bila kuharibu kitu kingine na bila mtu mwingine kuumia. Nitakayoyaandika chini yote yanatoka hapo.

Kuhusu leseni sikai sana. Daraja la malori ni E, kama una D ya gari ndogo haitoshi, nenda ukasome chuo cha VETA au NIT pale Mabibo, upate cheti chako halali. Ila darasa kubwa ni kukaa utingo, yaani msaidizi, kwa dereva mzoefu, na usione aibu kuanza kama tingo hata kama leseni unayo tayari. Tingo ndio anayefunga cheni, anayeingia chini ya gari, anayeshika bendera barabarani. Dereva ambaye hajawahi kuwa tingo anamtuma mwenzake sehemu ambayo yeye mwenyewe hajui kama ni salama.

Simu ikiita

Kazi inaanzia kwenye simu, na hapa ndio wengi wanakosea sana. Mteja atakwambia "gari limezima tu kaka njoo", wewe usiondoke na hiyo taarifa. Muulize yuko wapi hasa, akutumie lokesheni WhatsApp, maana "hapa karibu na Mlandizi" inaweza kuwa kilomita kumi mbele au nyuma. Gari gani, automatiki au manyuo, fowili (inayovuta matairi yote manne) au la, funguo upo, matairi yote yanazunguka au kuna lililobana, lipo kwenye lami au limeingia mtaroni, lina mzigo. Majibu hayo ndio yanakwambia uende na brekdauni ya kubeba juu au ya kunyanyua upande mmoja, na uchukue mbao, kapi (gurudumu la kupitishia waya) na waya mrefu au usihangaike navyo.

Halafu kabla hujakata simu kuna swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: "Pole sana dada, nyie mpo ndani ya gari au nje?" Akisema ndani na watoto, mwambie washuke wote wapitie mlango wa kushoto, wasogee mbali na lami kabisa, wasisimame mbele wala nyuma ya gari. Sisi tunaendesha kushoto kwa hiyo mlango wa kulia unafungukia kwenye magari. Gari lililosimama usiku bila taa ni rahisi sana kugongwa, na mtu aliyekaa ndani anasubiri fundi hana pa kukimbilia. Isipokuwa Mikumi. Ile barabara inakata hifadhini kama kilomita 50, kuna tembo, nyati na simba, hapo mwambie abaki ndani, afunge vioo, awashe hazadi na simu yake iwe hewani.

Bei mmalizane kwenye simu pia. Piga hesabu ya mafuta ya kwenda NA kurudi, uzito wa gari, kama ni usiku, kama kuna kuvuta kutoka bondeni, na muda wa kusubiri. Mwambie kabisa "bosi hii bei ni kama gari lipo barabarani, nikikuta lipo mtaroni kuna nyongeza ya kiasi hiki", akikubali mwambie aandike kwa meseji, na advansi ya mafuta aitume kwenye simu kabla hujawasha. Wapo wanaotaja bei ndogo kwenye simu halafu gari likishakaa juu wanapandisha, wanajua mteja hana ujanja. Ni dhuluma kwa mtu aliyekwama na inatuchafua wote, na huyo mteja hatakupigia tena maishani, wala hatakupeleka kwa ndugu zake.

Ukifika

Usikimbilie kufunga cheni. Simamisha gari lako sehemu inayoonekana, washa taa za juu, hazadi, weka pembetatu nyuma mbali, na kama ni baada ya kona au mlima uiweke KABLA ya kona, sio baada yake, maana dereva anayekuja anahitaji kujua kabla hajakuona. Tingo akae na bendera au tochi upande magari yanakotokea. Matawi ya miti tunayotupa barabarani yanasaidia, madereva wote wanayaelewa, lakini mkimaliza yaondoeni, na mawe pia, hasa mawe. Nenda barabara yoyote ya mkoani uone mawe makubwa yaliyoachwa kwenye lami na watu waliokuwa wanazuia tairi, bodaboda akilikuta usiku ndio basi tena.

Watu wakusanyikao ndio kazi ngumu. Januari 2025 pale Segera wilaya ya Handeni watu walikuwa wamekusanyika kwenye ajali, lori likaja likawaparamia, wakafariki 11. Walikuwa wamekuja kusaidia na kuangalia. Kwa hiyo ukifika, kwa heshima kabisa, "wazee wangu, mama zangu, naomba tusogee huku bondeni", rudia mpaka wasogee, na kama kuna askari muombe yeye awasogeze.

Kama ni ajali usiguse kitu mpaka trafiki apime na achore ramani yake. Ukiondoa gari kabla umeharibu ushahidi, bima ya mtu inaweza kukwama na kesi ikakugeukia wewe. "Afande tunaweza kuliondoa sasa?" Akisema ndiyo, chukua jina lake na kituo chake, uandike. Na kama kuna majeruhi, hao kwanza, gari baadaye.

Kisha toa simu, zunguka gari lote upige video, mikwaruzo, vioo, taa, rimu, dashibodi, spea tairi. Mwenye gari akiwepo mzunguke naye. Vitu vya thamani akabidhiwe yeye mkononi, redio, laptopu, begi. Dakika tatu hizi zinakuokoa na "mbona bampa yangu ilikuwa nzima".

Kulipandisha

Gari nyingi mjini ni automatiki na hapa ndio giaboksi za watu zinauliwa. Ndani ya giaboksi ya automatiki kuna pampu ya oili inayozungushwa na injini. Injini imezima, pampu imesimama, oili haizunguki, sasa wewe ukiburuza gari na matairi yale yanayovuta yakiwa yanazunguka chini, vyuma vinasagana vikavu. Mteja alikuwa na tatizo la betri tu, anafika gereji na giaboksi imeungua. Kwa hiyo IST, Vitz, Passo, hizi za kuvuta mbele unanyanyua mbele, nyuma ndio inaviringika. Crown, Mark X za kuvuta nyuma, unanyanyua nyuma, au unafungua propela shafti, lile bomba la chini linalopeleka nguvu ya giaboksi kwenye matairi ya nyuma. Fowili, Subaru, Harrier za fowili, usijaribu kunyanyua upande mmoja, beba juu mzima mzima. Haibridi kama Aqua na Prius, mota ipo mbele na matairi ya mbele yakizunguka inazalisha umeme, nyanyua mbele au beba juu, na ukikuta zile waya nene za rangi ya chungwa zimechubuka kwa ajali usiziguse hata kwa glavu zako za ngozi.

Kuna vitu viwili vidogo vitakavyokutofautisha na wengine. Kwanza, betri imekufa, gia imeng'ang'ania P, mwenye gari kakata tamaa. Angalia pembeni ya gia, gari nyingi za Kijapani zina kitufe kidogo au kifuniko cha plastiki cha ukubwa wa kucha, unakitoa kwa bisibisi ya bapa, unabonyeza ndani huku umekanyaga breki, gia inashuka N bila nguvu yoyote. Hakikisha kabari zipo kwenye tairi kabla hujafanya hivyo maana gari litaanza kutembea. Na funguo iwe imewashwa hatua ya kwanza ili stelingi isijifunge. Pili, usifunge cheni kwenye bampa au kwenye mikono ya sapensheni. Kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha mraba, nyuma yake kuna tundu lenye nyuzi, na ile pete yake ya kuvutia ipo kwenye buti pamoja na jeki na spana ya matairi. Ifunge mpaka ikome, umalizie kwa spana ya matairi. Baadhi ya gari za Ulaya nyuzi zake zinakaza kinyume, kwa hiyo ukiona inagoma usilazimishe, jaribu upande wa pili.

Gari likishakaa juu funga pembe nne, mikanda ipite kwenye matairi, usibane bomba la breki. Hendibreki juu, gia P. Tembea kilomita chache, simama, kaza tena, mikanda lazima italegea.

Waya wa winchi

Hapa naomba usome taratibu. Waya wa chuma wa winchi, ile mashine ya kuvutia iliyo kwenye lori lako, ukiwa umevutwa na ukakatika unarudi kwa kasi ambayo jicho haliwezi kufuata, na unakata mguu wa mtu. Kabla ya kuvuta tupia kitu kizito katikati ya waya, gunia lenye mchanga kidogo, turubai au koti zito, ukikatika kile kinaushusha chini. Hakuna mtu kuvuka juu ya waya, hakuna mtu kusimama katikati ya magari mawili, na watu wasogee mbali zaidi ya urefu wa waya uliotoka. Glavu muda wote, kwa sababu nyuzi zilizochanika zinaingia kwenye kiganja kama sindano. Usitoe waya wote kwenye ngoma, acha mizunguko mitano ibaki, ile ndio inayoshikilia. Gari limezama kwenye tope na winchi inalia? Usiforsi. Funga kapi kwenye gari linalovutwa, rudisha waya mpaka kwenye lori lako, nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unapungua nusu. Mwendo mdogo ni mzuri tu.

Malori

Semi ni kazi nyingine kabisa. Pale mlima Kitonga lori moja likikwama kwenye kona foleni inafunga pande zote mbili, mabasi, malori ya Zambia na Kongo, watu wanalala njiani, kwa hiyo presha ya kuliondoa haraka ni kubwa na presha ndio inayoua. Kumbuka upepo wa breki ukiisha springi za ndani ya chemba za breki zinabana breki zenyewe, lori haliburuziki. Una njia mbili, umpe upepo kutoka kwenye lori lako kwa hozi, au ukaze ile bolti ndefu ya chemba mpaka springi irudi. Kabla ya yote mawili weka kabari kubwa kwenye matairi, pande zote, maana breki zikiachia pale mlimani hakuna mtu wa kulizuia. Na chemba yenyewe usiifungue kamwe, ile springi ikiruka inaua. Halafu fungua propela shafti au chomoa ekseli, ziba tundu oili isimwagike, giaboksi ya lori nayo haipendi kuburuzwa.

Tenki la mafuta likipinduka, usisogee. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro watu walikuwa wanachota mafuta kwenye tenki lililopinduka, likalipuka, zaidi ya watu 100 walifariki. Simama mbali upande upepo unakotokea, zima injini, piga 114 zimamoto, zuia watu na sigara. Kebo yako ikisuguana na chuma inatoa cheche, kwa hiyo unavuta pale tu zimamoto wakishakwambia.

Mvua za Dar nazo zina kazi zake, Jangwani maji yakijaa gari zinazimika katikati. Neno la kwanza kwa mteja ni "kaka usiwashe tena". Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, ukipiga stata koneti rodi, kile chuma kinachosukuma pistoni, inapinda na injini imeisha. Vuta hivyo hivyo mpaka gereji, fundi afungue plagi atoe maji kwanza.

Njiani na gari lako limebeba, kumbuka umekuwa mrefu zaidi, angalia nyaya za umeme za mitaani, na breki zinachelewa, acha nafasi. Mteja akipanda na wewe mpe siti yenye mkanda, usimwache akae ndani ya gari lililobebwa hata akibembeleza kwamba kachoka.

Ukifika gereji shusha taratibu, mzunguke gari pamoja na mwenyewe au fundi aliyeelekezwa, asaini karatasi kwamba kalipokea, mpokee hela iliyobaki, mpe risiti. Ukirudi yadi usilale bila kufungua ule waya wote na kuukagua kwa tochi, futa tope, paka oili, urudishe kwenye ngoma ukiwa umepangika. Ukiona umebonyea sehemu au nyuzi zimeanza kuchanika, mwambie tajiri wako, mwenye brekdauni, anunue mwingine, na kama anasema subiri mwezi ujao, wewe usivute nao.