Namna ya Kutuma Ujumbe Mmoja katika Makundi Kadhaa ya Majadiliano

Mwenye swali gumu au tangazo la maana hutamani liwafikie wengi, na kwa kuwa aghalabu ni mwanachama wa makundi manne au matano ya majadiliano, wazo linalomjia upesi ni kuunakili ujumbe wake na kuubandika kila mahali. Kufanya hivyo si kosa kwa hakika yake. Kinachowaudhi wenzake ni mambo mawili: aliye mwanachama wa makundi yote hulazimika kuusoma ujumbe uleule mara tano, na majibu hutawanyika kiasi kwamba anayehangaika kujibu katika kundi la kwanza hajui kuwa swali lilikwisha kutatuliwa katika la tatu.

Kwa swali, anza na kundi moja tu, lile ambalo mada yake inakaribiana zaidi na unalotaka kujua, na uwape watu siku mbili tatu. Ukikosa jibu, nenda kundi la pili ukieleza kwamba uliuliza kwingine na ulijibiwa nini, ili wasirudie yaliyokwisha kusemwa. Tangazo ni jambo tofauti, kwa sababu linaweza kuyahusu makundi kadhaa kwa pamoja: mwandalizi wa semina ya tafsiri ana sababu ya kuwafikia wafasiri, wahariri na walimu wa lugha. Hata hivyo, kundi ambalo huwezi kueleza kwa sentensi moja linahusika vipi, liache. Soma pia kanuni za kila kundi kwanza, kwani yapo yanayokataza matangazo kabisa, na mengine huyataka yapitie kwa msimamizi.

Tatizo hili liliwahi kupatiwa ufumbuzi mzuri zamani. Katika Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano ulioanza mwaka 1980, mwandishi aliyataja makundi yote katika kichwa cha ujumbe mmoja, akiyatenganisha kwa mkato. Seva ilihifadhi nakala moja tu, na programu nzuri ya kusomea haikumwonyesha mtu ujumbe aliokwisha kuusoma katika kundi jingine. Palikuwa pia na sehemu ya kuelekeza majibu yote katika kundi moja. Aprili 1994, wanasheria wawili wa Marekani walipotangaza huduma zao kuhusu bahati nasibu ya vibali vya ukaazi katika maelfu ya makundi, walipeleka nakala ya pekee kwa kila kundi, na ghadhabu iliyowapata ilikuwa kubwa. Baadaye watu wa Usenet walipima ukubwa wa kero ya ujumbe uliosambazwa kupita kiasi kwa kipimo cha Breidbart, ambacho huchukua kipeuo cha pili cha idadi ya makundi kwa kila nakala, kisha hujumlisha: ujumbe mmoja ulioelekezwa kwa makundi 9 huhesabiwa 3, ilhali nakala 9 zilizotumwa mbalimbali huhesabiwa 9. Naipenda hesabu hiyo, kwa sababu inambana zaidi anayerudufu kuliko anayeshirikisha.

Majukwaa mengi ya leo hayana uwezo huo, kwa hiyo kazi iliyofanywa na seva yatupasa kuifanya kwa mkono. Chagua kundi litakalokuwa makao ya mazungumzo na uweke humo ujumbe kamili. Katika makundi mengine andika sentensi mbili au tatu za kueleza jambo lenyewe, weka kiungo, na uwaombe watu wajibu kule. Iwapo kundi la makao limefungwa kwa wasio wanachama, kiungo hakitawafaa wengine. Basi weka ujumbe kamili kila mahali, na ujitwike mzigo wa kurudisha muhtasari wa majibu katika kila kundi.

Mwanzoni mwa ujumbe, si mwishoni, andika mathalani: “Ujumbe huu umetumwa pia katika makundi ya wahariri na walimu wa lugha, naomba radhi kwa watakaoupata zaidi ya mara moja.” Kuomba radhi namna hii kulipendekezwa hata katika RFC 1855, mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa Oktoba 1995. Lakini radhi isiyotaja makundi haina msaada mkubwa, kwa maana msomaji anataka kujua ni wapi kwingine ambako huenda jibu limekwisha kutolewa.

Kwa makundi yanayoendeshwa kwa baruapepe, usiweke anwani zote katika ujumbe mmoja endapo kila kundi linapokea barua za wanachama wake tu. Mwanachama wa kundi moja akibonyeza “jibu wote”, jibu lake litakataliwa na makundi mengine au litamwangukia msimamizi.

Maneno ya mtu mwingine yanahitaji hadhari zaidi. Aliyeandika katika kundi la watu thelathini anaowafahamu hakukusudia kusomwa na maelfu. Muombe ruhusa kwanza, na akikubali, ondoa majina na namba za simu za wote waliotajwa humo.

Mwisho, andika mahali fulani orodha ya makundi uliyotuma. Tarehe ya semina ikibadilika, au swali likipata jibu, utapaswa kusahihisha kila nakala, na ile utakayoisahau ndiyo itakayoendelea kuletewa majibu wiki tatu baadaye.