Usaili: maswali yaleyale, alama kabla ya mjadala

Ukiajiri, achana na usaili wa "tuambie kuhusu wewe" halafu mazungumzo yaende yanakokwenda. Uchambuzi wa mwanasaikolojia wa kazi Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022, uliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, ulikuta usaili wenye mpangilio, yaani wa maswali yaleyale kwa kila mwombaji, una uwiano wa 0.42 na utendaji kazini (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Ule wa kupiga soga, 0.19. Hata 0.42 si uaguzi, lakini ni zaidi ya maradufu.

Andika maswali 5 au 6 yanayotokana na kazi yenyewe, na kila mtu aulizwe yaleyale kwa mfuatano uleule. Mfano: "Mara ya mwisho hesabu za stoo zilipokataa kulingana, ulianza kukagua wapi?" Kwa kila swali weka mizani ya 1 hadi 5, ukieleza jibu la 1, la 3 na la 5 linasikikaje. Bila hivyo, 4 ya msaili mmoja ni 2 ya mwenzake.

Panapoharibika zaidi ni mwishoni. Mwombaji akitoka tu, bosi anasema "huyu kijana yuko vizuri," na kalamu za wengine zinamfuata. Kila msaili ajaze alama zake kimya, swali kwa swali, azikabidhi, ndipo mzungumze. Wawili wakipishana kwa alama 2 au zaidi, rudini kwenye maneno aliyoyasema mwombaji. Hivyo andikeni akiwa bado anaongea. Maswali ya nyongeza? Ruksa kudadisi jibu, si kufungua mada mpya.