Kurekebisha klachi inayoteleza kwenye pikipiki ya zamani

Jumamosi iliyopita nilishinda na jirani yangu hapa Kayole, Nairobi, kijana wa bodaboda, tukifungua klachi ya Honda CG125 yake ambayo ilikuwa imebadilishwa pleti (visahani vinavyobanana ili kupeleka nguvu ya injini kwenye gia) mara mbili ndani ya miezi minne na bado inateleza. Naandika hatua tulizofuata kwa ajili ya wenye pikipiki za aina hiyo na zile za Kichina zilizoiga injini yake, kwa kuwa nimeona watu wengi wakinunua pleti mpya kabla ya kujua ugonjwa wenyewe ni upi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni klachi

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ndogo iliyozeeka hupungukiwa na nguvu hata pale klachi yake ilipo nzima. Tafuta mlima, panda kwa gia ya tatu ukiwa na mwendo wa wastani, kisha vuta mafuta yote. Injini ikipandisha sauti ghafla huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Sauti na mwendo vikishuka pamoja, klachi haina kosa, na unapaswa kutazama chujio la hewa, kabureta na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Ukisikia mshtuko wa "tak, tak" kila unapovuta, cheni inaruka meno ya sproketi.

Hatua ya 2: Kebo

Mkono wa klachi unapaswa kucheza milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla ya kuanza kuvuta kitu. Usipocheza kabisa, kebo inaishikilia klachi nusu wazi wakati wote, na pleti huungua ingawa springi zinazozibana ni nzima. Pima usukani ukiwa umekatwa kulia, kisha kushoto, kwa sababu kebo iliyopitishwa vibaya nyuma ya taa hukazwa na usukani. Kebo inayokwama ndani ya ala yake ibadilishwe. Kuipaka oili ni kuahirisha kazi.

Hatua ya 3: Oili

Klachi hii huogelea ndani ya oili ya injini, kwa hiyo oili yoyote iliyotiwa viungo vya kupunguza msuguano, kama zilivyo nyingi za magari ya kisasa, huzifanya pleti ziteleze. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, yaani kipimo cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya aina hii. Mimi siweki oili isiyo na alama hiyo, hata ikiwa ni ghali na imesifiwa sana dukani. Kama ndani kulikuwa na oili ya gari, badilisha, endesha siku chache, badilisha tena, ndipo uamue kama kuna haja ya kufungua. Jirani yangu alikuwa ametiliwa oili iliyobaki kwenye gari la mtu, na hilo lilikuwa nusu ya tatizo lake.

Hatua ya 4: Kufungua

Mwaga oili, ondoa kiki, kikanyagio cha kuwekea mguu na kebo, kisha fungua bolti za kifuniko cha kulia. Usipenyeze bisibisi kati ya kifuniko na injini. Gonga pembeni kwa nyundo ya mpira hadi kiachie.

Fungua bolti nne za springi kwa zamu, kidogo kidogo. Nati ya katikati ina mikato minne na huhitaji soketi yake maalumu, ambayo hupatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Nakusihi uinunue. Nati iliyogongwa kwa tindo huharibika mikato, na vipande vya chuma huangukia ndani ya injini. Tia gia ya juu kabisa na mwenzako ashikilie breki ya nyuma ili kitovu, yaani kipande cha katikati kinachobeba pleti, kisizunguke.

Hatua ya 5: Kukagua

Pleti za msuguano zilizong'aa kama kioo au kunuka kuungua hazirudi. Pleti za chuma zilizogeuka rangi ya bluu zimepata moto. Zilaze juu ya kioo uone kama zimepinda. Springi zisimamishe kando ya springi mpya, na zilizo fupi zibadilishe zote nne. Sikubaliani na wanaoongeza washa chini ya springi zilizochoka, kwani mkono huwa mgumu na kebo hukatika upesi.

Hatua ya 6: Kupanga upya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima. Lowesha pleti mpya za msuguano kwenye oili safi usiku kucha. Mpangilio huanza na kuisha kwa pleti ya msuguano. Nyuma ya pleti zote kuna sahani ya kubana, yenye meno ambayo ni lazima yaingie katika meno ya kitovu. Yasipoingia, kitovu hukaa juu ya ncha za meno hayo. Utakaza nati, utakaza springi, kila kitu kitaonekana sawa, lakini pleti zitabaki zimelegea katikati na pikipiki haitasogea, au itateleza kuliko mwanzo.

Dawa yake ni kupanga mezani. Kilaze kitovu kifudifudi, panga pleti zote, weka sahani ya kubana juu, kisha izungushe polepole huku ukiibonyeza mpaka uihisi ikishuka na kukaa. Funga kwa muda springi mbili zinazotazamana kwa bolti na washa pana, linganisha masikio ya pleti yawe mstari mmoja, ndipo uingize mkusanyiko wote kwenye nyumba ya klachi, ile bakuli yenye nafasi za kupokea masikio hayo. Kaza nati, toa washa za muda, funga springi zote nne kwa zamu mkabala kwa mkabala.

Kabla ya kurudisha kifuniko, jaribu kuzungusha kila pleti ya msuguano kwa ncha ya kidole. Hakuna inayopaswa kusogea hata chembe. Kwenye pikipiki ya jirani yangu, siku tulipoifungua, bolti zote zilikuwa zimekazwa barabara, na bado pleti ya mwisho ilicheza chini ya kidole changu.

Hatua ya 7: Kufunga

Weka gasketi mpya juu ya uso mkavu, jaza oili, rekebisha kebo, kisha upande mlima uleule uliojaribia mwanzo. Baada ya siku chache pleti zikishakaa, pima tena mchezo wa mkono, kwa kuwa kwa kawaida huwa umepungua.