Somo: Kuona viwili viwili baada ya upasuaji wa tundu la jicho

Ndugu zangu, wengi wakitoka kufanyiwa upasuaji hutegemea bandeji ikiondolewa tu waone sawa. Wakiona pikipiki mbili barabarani, wanadhani daktari kaharibu. Sakafu ya tundu la jicho, yaani sehemu ya chini ya shimo la mfupa linalobeba jicho, ni mfupa mwembamba sana. Ukivunjika, nyama na msuli wa chini ya jicho vinaweza kunasa kwenye ufa. Daktari huvinasua na kuziba ufa, lakini msuli unabaki umevimba na kujeruhiwa. Kupona kwake ni kwa wiki na miezi.

1. Usipenge kamasi mpaka daktari akuruhusu, na hili nalisisitiza. Chini ya mfupa ule kuna uwazi wa hewa uliounganika na pua. Ukipenga, hewa hupanda hadi nyuma ya jicho. Kwa upepo na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, vaa barakoa, na chafya ikija ipige mdomo ukiwa wazi. Lala umeinua kichwa. Jembe na ndoo za maji waachie wengine kwanza.

2. Funika jicho moja. Picha ya pili ikitoweka, macho hayaendi pamoja. Ikibaki, shida iko ndani ya jicho lenyewe, mwambie daktari.

3. Ukiruhusiwa, fanya mazoezi. Tuliza kichwa, fuata kidole gumba kwa macho: juu, chini, kushoto, kulia, taratibu, mpaka unapohisi kuvutwa. Ukisikia maumivu makali, acha.

4. Keti mahali palepale mbele ya kalenda ya ukutani, uandike ni upande gani vitu vinakuwa viwili. Mara nyingi katikati hutulia mapema, juu na chini huchelewa. Linganisha wiki kwa wiki, maana jioni ukichoka viwili hurudi.

Jicho likitokeza, likiuma sana au kuona kukififia ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

MASWALI

Shikamoo nesi. Shavu na meno ya juu yana ganzi. (Kondoa)
Marahaba. Mshipa wa fahamu wa shavu unapita kwenye sakafu ileile. Ganzi hupungua polepole, huweza kuchukua miezi.

Nesi, naweza kuendesha bodaboda nikiziba jicho moja? (Manyoni)
Hapana, kaka. Najua ndiyo riziki yako, ila kwa jicho moja ambalo hujalizoea utakosea umbali. Kiraka kivae ukitembea au kusoma.

Nusu mwaka umepita, bado naona viwili. (Mpwapwa)
Rudi kliniki ya macho. Kuna miwani ya prizimu, yenye kioo kinachopindisha mwanga ili picha mbili zikutane, na kuna upasuaji wa misuli ya jicho, ambao kwa kawaida husubiri mpaka vipimo vya macho viache kubadilika.

Mwanangu kapigwa kiwiko mpirani. Jicho ni jeupe kabisa, ila akitazama juu anatapika. (Kongwa)
Mama, usisubiri! Mfupa wa mtoto hupinda ukarudi na kuubana msuli, na jicho kwa nje likaonekana zima. Msuli ukibanwa muda mrefu hufa. Mpeleke hospitali ya rufaa leo, na uwaambie mapema kwamba anatapika akitazama juu.